Siri ya Farasi wa Mbao

Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya msimu, mwisho wa Machi. Upepo wa bahari ya Thornsea ulipuliza mchanga hadi ndani ya vikombe vya chai, lakini watu walikuwa wamefurika kwenye bustani ya michezo kana kwamba kuna kitu kinagawiwa bure. Foleni zilizunguka vibanda vya pipi, watoto walilia, na kila bembea ilipiga muziki wake ikigombana na jirani yake.

Rowena Ashworth alizipita foleni zote akaingia kwenye kilango chembamba cha kushoto, kile cha watu waliokuja peke yao. Watu hao hutumika kuziba mapengo: familia ya watatu ikipanda, kiti cha nne anatupiwa mpweke mmoja. Foleni yao huenda haraka, wala hakuna anayekuuliza wenzako wako wapi.

"Mko wangapi?" aliuliza msichana wa langoni bila kuinua macho.

"Niko mwenyewe."

"Kiti cha nyuma kabisa, mpenzi. Kuna bwana pale, naye yuko mwenyewe."

Bwana mwenyewe alikuwa pandikizi la mtu, kavaa koti la kahawia lililochakaa viwiko, na vumbi la mbao limemganda nyuma ya sikio. Rowena alijibana asimguse, akafunga vizuri skafu yake ya njano. Kigari kikaanza kuvutwa na mnyororo kwenda juu, tak, tak, tak. Alipogeuka, akamwona jirani yake amefumba macho.

"Unajisikia vibaya?" akamuuliza.

"Hapana. Nasikiliza."

Wakafika kileleni, na kigari kikaachiwa.

Farasi, ndivyo alivyoitwa na kila mtu, alikuwa rola kosta, bembea ya reli ya mbao iliyojengwa kabla ya vita, yenye maelfu ya nguzo zilizopakwa chokaa. Alikuwa anatikisa mifupa na kulia kama mlango mbovu. Rowena alimpenda kuliko kitu chochote katika mji ule, na kwa miaka sita tangu mumewe alipohamia Leeds kwa mwanamke mwingine, alikuwa amempanda karibu kila Jumamosi.

Kigari kiliposimama, yule bwana akafumbua macho. "Umesikia?" akauliza, kama anayejiuliza mwenyewe.

"Bonde la pili," Rowena akajibu. "Kuna kitu kinagonga, kama mtu anayegonga meza kwa kifundo cha kidole. Mwaka jana hakikuwepo."

Bwana yule akamtazama kama mtu aliyesalimiwa kwa lugha ya mama yake ugenini.

"Wewe ni mhandisi?"

"Nakata vioo vya miwani, mjini Preston."

"Basi masikio yako yamekosea kazi."

Jina lake lilikuwa Emrys Prosser, mtu wa Wales, miaka arobaini na sita, seremala wa Farasi kwa mwaka wa kumi na tisa. Kazi yake ilikuwa kutembea juu ya reli ile kila asubuhi, nyundo mkononi, akigonga ubao mmoja mmoja.

"Na siku yako ya mapumziko unakuja kumpanda tena?" Rowena akauliza walipokuwa wakishuka ngazi.

"Siku za kazi namkagua kwa miguu. Leo nimekuja kama mteja. Mteja husikia mengine." Akasita. "Unakunywa chai?"

"Mimi Mwingereza. Unauliza swali gani hilo?"

Wakanywa chai. Wakarudia Jumamosi iliyofuata, na nyingine. Kufika Mei, Emrys alikuwa anampigia simu kila siku saa sita na nusu, akiwa amekaa juu ya nguzo na mkate wake wa jibini, naye Rowena akitoka nje ya duka la miwani kusikilizia uchochoroni.

"Fundi, leo umekagua?"

"Nimebadilisha mbao saba. Na ule mlio wa bonde la pili nimeutuliza. Ulikuwa bolti moja tu, mshabiki wangu."

"Nilikuambia."

"Uliniambia. Nitalisikia hilo mpaka siku nakufa."

Rowena alikuwa anaishi juu ya duka la dobi, vyumba viwili, na chini yake, ghorofa ya kati, alikaa Bi Sugden, mjane mwenye masikio ya sungura. Bibi huyo alijua Emrys anakuja hata kabla Emrys hajabonyeza kengele.

"Yule bwana mkubwa kaja tena Jumapili," alimwambia Rowena ngazini. "Viatu vyake vizito. Ni mtu mwema?"

"Ni mtu mwema, Bi Sugden."

"Basi mpikie vizuri. Watu wema siku hizi hawaokotwi barabarani."

Kabla ya Emrys, watu pekee aliozungumza nao Rowena nje ya kazi walikuwa wa jukwaani. Lilikuwa jukwaa la mtandaoni la washabiki wa bembea, watu mia tisa hivi waliotawanyika nchi nzima. Walibishana juu ya magurudumu, juu ya ukarabati, juu ya reli mpya zinazokuja na nyumba za vitisho zilizopoteza makali. Humo Rowena aliitwa Dada wa Mbao. Wengi wao hakuwahi kuwaona sura. Lakini akiandika neno kuhusu Farasi, watu arobaini walijibu, na kwa mtu anayekula chakula cha jioni na redio, arobaini ni umati.

Oktoba ikafika, na bustani ikafungua nyumba yake mpya ya vitisho, Machinjioni. Washabiki walikuwa wanaisifu kuwa haina mfano kaskazini nzima. Rowena alimburuta Emrys hadi mlangoni saa kumi na moja ya jioni.

"Sipendi vitu hivi," Emrys akasema.

"Yaani wewe unatembea mita ishirini na tano hewani, unaogopa vijana waliopakwa rangi?"

"Mbao hazinivizii."

Ndani kulikuwa na giza, harufu ya nyama mbichi ya bandia, na minyororo ikining'inia hadi usawa wa uso. Kwenye kona ya tatu akaruka mtu mwenye kichwa cha nguruwe na msumeno unaonguruma. Emrys alirudi nyuma hatua mbili, akamgonga ukutani nguruwe wa pili aliyekuwa anamnyatia, akageuka na kumwambia kwa heshima zote, "Samahani, kaka."

Rowena alicheka mpaka akakaa chini. Walipotoka nje alikuwa bado anajifuta machozi, na Emrys alikuwa bado ameung'ang'ania mkono wake.

"Unaweza kuniachia sasa. Hamna nguruwe."

"Najua," akasema, asimwachie.

Wakanunua samaki na chipsi na njegere zilizopondwa, wakaenda kukaa kwenye benchi linalotazama bahari. Emrys hakula. Aligeuzageuza kipande cha samaki kwa uma wa plastiki hadi kikapoa.

"Nikikuambia kitu," akasema mwishowe, "kitabaki hapa?"

"Kiende wapi? Mimi nina nani wa kumwambia?"

"Wanamvunja Farasi. Baada ya mwaka mpya. Wameshaagiza reli ya chuma kutoka nje, watatangaza Januari." Alisema huku akitazama maji. "Tunaojua kule ni watu wanne tu. Tumetia saini tusiseme. Nimekaa nalo tangu Agosti, Rowena. Kila asubuhi nabadilisha mbao za kitu kitakachochomwa."

Rowena alitaka kuuliza mambo mia. Badala yake akaweka chakula pembeni, akamkumbatia pamoja na lile koti lake lililochakaa.

"Halitoki kwangu," akasema. "Naapa."

Na aliposema hivyo, alimaanisha.

Wiki tatu baadaye, siku ya Alhamisi, Rowena alikuwa chumba cha nyuma cha duka la miwani, kiporo cha mkate wa mayai mbele yake na simu mkononi. Emrys alikuwa amemwambia siku hiyo hatapiga, kuna wakaguzi. Akafungua jukwaa. Huko kulikuwa na sherehe. Mtu mmoja aliyejiita Bwana Kipimo, mjuaji wa kila kitu, alikuwa ameandika kwamba ana uhakika: Farasi atafanyiwa ukarabati mkubwa, vigari vipya, rangi mpya. Watu walikuwa wanapongezana. Rowena akaandika kwamba wasikimbilie kufurahi.

Bwana Kipimo akamjibu: "Dada wa Mbao, wewe kazi yako kupanda. Mambo ya ndani waachie wanaojua."

Watu kumi na wawili wakacheka.

Ni jambo dogo, na Rowena mwenyewe baadaye hakuweza kueleza kwa nini lilimuuma vile. Vidole vikaandika vyenyewe: "Najua kutoka kwa mtu wa ndani kabisa. Januari wanamvunja. Wanaleta chuma."

Akakitazama alichoandika. Majibu yalikuwa yanamiminika, umati mzima unamgeukia yeye, unamuuliza yeye. Alikaa anayasoma. Ndipo likamjia koti la Emrys puani, harufu yake ya mbao na gundi, akafuta.

Maneno yalikuwa yamekaa hewani dakika kumi na moja. Kufika saa kumi, picha ya maneno yale, iliyopigwa na mtu kwenye skrini, ilikuwa imeenea kila mahali. Ijumaa ilikuwa kwenye gazeti la mji.

Emrys alipiga simu Ijumaa hiyo jioni.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Meneja ametuita wote wanne, mmoja mmoja. Mimi nimesema si mimi." Pumzi yake ilisikika nzito. "Rowena, niambie tu. Si wewe?"

Angeweza kusema wakati ule. Lakini alikuwa amesimama peke yake jikoni, na sauti ile ndiyo sauti pekee iliyomwita kwa jina tangu asubuhi.

"Si mimi," akasema.

"Nilijua. Nisamehe hata kukuuliza, mpenzi wangu."

Usiku ule Rowena hakulala. Jumamosi alisema ana mafua. Jumapili Emrys akapiga tena.

"Wamemsimamisha kazi Clement."

Clement alikuwa mpaka rangi wa Farasi, mmoja wa wale wanne, mzee wa miaka sitini na mitatu, mkewe kitandani mwaka wa pili. Rowena alishawahi kula keki nyumbani kwake.

"Wanadai alikuwa na kinyongo," Emrys akaendelea. "Nimetoka kwake sasa hivi. Kakaa jikoni analia kama mtoto, mkewe anamsikia kutoka kitandani. Anaapa hajasema na mtu. Sijui nimwambie nini."

Rowena aliegemea ukuta.

"Emrys, ni mimi."

Chini, Bi Sugden alikuwa anaosha vyombo, sahani zinagongana.

"Niliuliza," Emrys akasema, taratibu sana. "Nilikuuliza juzi."

"Najua."

"Nikakuomba radhi."

"Emrys, niliandika kwa hasira, nikafuta. Nilitaka tu wasinione kama..."

"Haya," akasema. "Nimesikia." Akakata.

Jumatatu asubuhi Emrys alikwenda ofisini kwa meneja, akasema siri ilitoka kwake. Hakutaja jina la mtu. Clement alirudishwa kazini siku hiyohiyo. Emrys alipewa saa moja akusanye vifaa vyake, miaka kumi na tisa ikaingia katika masanduku mawili. Kabla wiki haijaisha alikuwa amehamia Tywyn, Wales, kwa dada yake.

Rowena aliandika barua kwa meneja, akaeleza kila kitu na kusaini jina lake kamili. Akajibiwa mistari miwili. Akaandika pia jukwaani, kwamba amevunja kiapo na mtu asiye na kosa amelipa. Wao walimwita shujaa. Bwana Kipimo mwenyewe alimtumia ujumbe wa faragha: "Dada, sote tungefanya hivyo." Alimaanisha kumfariji. Rowena aliusoma mara mbili, kisha akajiondoa jukwaani na mia tisa wale wakapotea kwa kidole kimoja.

Majira ya baridi yalikuwa marefu. Alikuwa anakata vioo, anarudi, anawasha redio. Saa sita na nusu alitoka uchochoroni kwa mazoea na kusimama pale na simu isiyolia, akarudi ndani. Krismasi alikula na Bi Sugden, kuku na viazi, wote wawili wamevaa kofia za karatasi.

"Viatu vizito siku hizi sivisikii," Bi Sugden alisema akikata kuku.

"Hapana. Havisikiki."

"Ulimkosea au alikukosea?"

"Nilimkosea."

Bi Sugden akamwongezea mchuzi, wala hakuuliza tena.

Jumapili ya kwanza ya Januari walimruhusu Farasi aende mara ya mwisho. Washabiki walitoka kila pembe ya nchi, mabango, kamera, machozi. Rowena alisimama nje ya ukuta wa bustani, barabarani. Hakujiona ana haki ya kiti. Alisikiliza tu kigari kikipita bonde la pili, kikipita vizuri, bila kugonga hata kidogo, kwa sababu kuna mtu aliyeitunza reli ile vizuri hata baada ya kujua itavunjwa. Hapo ndipo alipolia.

Februari akapanda treni, akabadilisha mara mbili, akafika Tywyn saa tano ya asubuhi. Mvua ilikuwa ya rasharasha. Mwanamke wa duka la posta alimwelekeza karakana nyuma ya kanisa. Emrys alikuwa ameinama juu ya ngazi ya nyumba ya mtu, anapiga randa. Alikuwa amekonda. Alipomwona hakushtuka, aliweka randa chini kwa ubavu, kama fundi anavyopaswa, akajifuta mikono.

"Umekuja na treni ya saa moja."

"Ndiyo."

"Umelowa. Kaa karibu na jiko."

Akakaa. Alikuwa ameyapanga maneno njia nzima, na yote yakamtoroka.

"Sikuja kujitetea," akasema. "Nimekuja uniambie uso kwa uso lolote unalotaka kuniambia."

Emrys alifikiri kwa muda mrefu. Alikuwa mtu wa kupima kabla ya kukata.

"Lile la kuandika nilikusamehe zamani," akasema. "Mtu anateleza. Hata kazi, ilikuwa inakwisha pamoja na Farasi, nilijua. Kilichonishinda ni ile simu. Nilikuuliza, ukanidanganya kwa sauti ileile unayoniitia fundi. Sasa nitaijuaje ya kweli?"

"Sijui."

"Siwezi kukaa meza moja na mtu huku napima nimwambie nini. Nikiwa peke yangu sipimi kitu."

"Na upweke?"

"Upo," akasema. "Upo sana."

Jiko lililia kidogo. Rowena alitazama mikono yake.

"Basi usiniambie la maana," akasema. "Usiniambie la kazi, wala la moyoni. Nipigie siku moja, uniambie umekula nini. Hilo hata likitoka halimuumizi mtu."

Emrys alitabasamu nusu, bila kutaka. Alimsindikiza kituoni chini ya mwavuli wake, wakasimama bila kugusana, na treni ilipokuja akamfungulia mlango.

Zikapita wiki tatu. Jumapili moja alasiri, Rowena akiwa anapiga pasi, simu ikalia.

"Kondoo," sauti ikasema. "Kondoo na viazi. Viazi havikuiva."

Ilibidi azime pasi.

"Dada yako ndiye aliyepika?"

"Mimi. Yeye asingeweza kufanya uharibifu kama ule."

Wakazungumza juu ya viazi robo saa nzima. Jumapili iliyofuata ikawa supu ya vitunguu. Iliyofuata, samaki. Hawakutaja mengine. Kuna Jumapili Emrys alinyamaza katikati ya sentensi, naye Rowena akasubiri upande wa pili bila kuuliza, wakakaa hivyo kila mmoja akisikia saa ya ukutani ya mwenzake. Aprili ikaisha. Usiku vyumba viwili vile vilikuwa na ukimya uleule wa zamani, lakini wiki ilikuwa na Jumapili ya kungojea.

Jumapili ya pili ya Mei, baada ya kumaliza habari za pai ya uyoga, Emrys hakuaga.

"Rowena, nikuambie jambo? Ila lisitoke."

Rowena akavuta kiti akakaa.

"Usiniambie, Emrys. Tafadhali."

"Nataka."

"Unanijua nilivyo."

"Nakujua. Ningekuwa sikujui, ningekuwa nacheza kamari." Akakohoa. "Jumamosi nakuja huko. Nimekata tiketi. Ya kurudi sijakata. Dada yangu nimemwambia naenda Shrewsbury kuangalia mbao."

"Kwa nini umemficha?"

"Kwa sababu naogopa, na nikimwambia mtu kwamba naogopa, sitapanda treni."

"Umeniambia mimi."

"Ndiyo," Emrys akasema. "Nimekuambia wewe."

Jumatatu alikwenda kazini, wenzake wakamuuliza habari za wikendi, akasema mvua ilinyesha. Jumanne alinunua shuka. Jumatano alikuwa anashuka ngazi na kapu la nguo, Bi Sugden akafungua mlango wake kabla hajafika chini.

"Mapazia hayo umeyafua juzi tu, mwanangu. Kuna mgeni?"

Rowena akamtazama yule bibi, kofia yake ya nyumbani, macho yake yanayongoja. Hakuna mtu duniani ambaye angefurahi kama yeye. Maneno yalimfika kooni, matamu, mazima, yanasukumana kutoka. Akayameza.

"Hamna mgeni, Bi Sugden," akasema, akihamisha kapu kiunoni. "Yalikuwa machafu tu."

Akaendelea kushuka, akayaanika uani mwenyewe, moja baada ya jingine. Zilikuwa zimebaki siku tatu.